Kidani cha Mama Mkwe Kilichovaliwa na Kamati Nzima

Naomba nianze kwa kusema kwamba video ipo. Najua ipo kwa sababu binamu yangu wa Kisongo huiweka kwenye kundi la familia kila anapoona tumekaa kimya sana, na kila akiiweka mimi najitoa kwenye kundi, na kila nikijitoa mama ananirudisha (mama hajui kutuma picha wala kufuta ujumbe, lakini kumrudisha mtu kwenye kundi anajua). Kwa hiyo bora niwasimulie mwenyewe, mnicheke nikiwepo, kuliko muisikie kwa watu wa Moshono wanaoongeza chumvi, ingawa kusema kweli habari yenyewe haikuhitaji chumvi ya mtu.

Mimi ni Haika, natengeneza mapambo ya shanga, hereni, bangili, vidani, chochote kinachoning'inia kwenye mwili wa mwanamke, nauzia nyumbani hapa Moshono na Jumamosi naweka meza yangu kwenye soko la kazi za mikono. Mdogo wangu anaitwa Ndeshi. Ndeshi ni yule mtoto wa mwisho ambaye maisha yake yote amevaa nguo zilizokwisha kunibana mimi, viatu vyangu, sweta langu la shule likiwa na jina langu kwenye kola, na hajawahi kulalamika, na nadhani ndiyo maana sisi wengine tulizoea kumwamulia. Akapata mchumba, Lemayani, kijana wa Kimasai kutoka Terrat, daktari wa mifugo, mpole kiasi kwamba mama alimtilia shaka mwezi mzima. Sisi Wachaga, Walutheri, wao Wamasai, Walutheri vilevile, kwa hiyo wazee hawakupata cha kugombania, na ikaundwa kamati ya sendofu, ile sherehe ya kumuaga binti kwao kabla ya harusi.

Mnajua kamati ya sendofu ya Wachaga. Inakaa kila Jumapili baada ya ibada, inakula, inagombana, inaomba, inaondoka. Kamati ilichagua ukumbi, keki, MC na mtindo wa nywele za bibi harusi, na Ndeshi mwenyewe aliulizwa kama anapenda zambarau baada ya vitenge vya zambarau kuwa vimeshakatwa. Alisema anapenda. Sasa kwenye kikao kimoja Shangazi Eliwaza, dada mkubwa wa baba, mwanamke ambaye akikohoa watu wanasogeza viti, akauliza, "Sare ya nguo tumepata, na shingoni je?" Mimi sijui nilipandwa na nini. Nikasimama nikasema shingoni niachieni mimi, nitawatengenezea wanawake wote wa kamati vidani, dizaini ambayo Arusha hii haijawahi kuiona. Watu wakapiga makofi. Nikakaa. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, na kichwani mwangu hamna kitu, yaani nikifumba macho naona giza la kawaida tu.

Hapo ndipo Mwalimu Nashipai alipoteguka mguu.

Mwalimu Nashipai ndiye mama yake Lemayani. Ni mwalimu mkuu mstaafu, amewafundisha nusu ya watu wa Terrat kusoma na nusu iliyobaki kuogopa, anavaa miwani yenye kamba, na shanga ndiyo kazi ya mikono yake tangu utoto, anakutengenezea kitu huku anakusahihishia Kiswahili. Tukaenda kumjulia hali, mama, Ndeshi na mimi, na ndizi zetu na sukari. Tukamkuta sebuleni mguu juu ya stuli, tukaamkia, tukaletewa chai, mazungumzo yakakolea, mimi nikaomba nikanawe mikono. Lemayani akasema bafu ni mlango wa kulia. Nikaenda kulia (naapa nilikwenda kulia), ila wakati wa kurudi mlango wa kushoto ulikuwa wazi kidogo, na juu ya kitanda, kwenye kanga iliyotandazwa, kulikuwa na kidani.

Jamani. Kilikuwa kile cha duara, kipana, cha kulala mabegani, mistari ya nyeupe na nyekundu na chungwa imefuatana vizuri mpaka unahisi njaa, na mstari wa nje umejaa pembetatu za bluu zilizoshikana. Halafu upande mmoja, karibu na bega la kushoto, bluu zinakatika ghafla na inaingia kijani. Kijani kichanga, kama majani ya kunde, kipande tu cha urefu wa kidole, hakikutokea tena mahali pengine popote. Nikasema huu ndio usanii, huyu mtu ana ujasiri, mwingine angeweka kijani pande zote mbili vilingane. Kile kipande cha kijani ndicho kilichoniua.

Sasa, ningeweza kuuliza. Ningerudi sebuleni niseme, Mwalimu, nimeona kidani, ni kizuri, ni cha nani, naomba nikitumie kama mfano. Ni sentensi moja. Lakini kuuliza kulitaka kwanza nikiri kwamba nimechungulia chumba cha mama mkwe mtarajiwa wa mdogo wangu, siku ya kwanza kufika kwake, na chai yake bado iko mdomoni. Nikaona aibu. Kwa hiyo nikatoa simu nikapiga picha moja (sawa, nne), nikarudi nikakaa, nikasema bafu lenu zuri.

Na njiani kurudi nikawa nimeshajitetea mwenyewe na kujiachia huru. Nilijiambia shanga za Kimasai ni za Wamasai wote, ni mambo ya asili, na kitu cha asili hakina mwenyewe wa kumwomba ruhusa. Nikajiambia tena kwamba wakwe watafurahi wakituona tumevaa cha kwao. Na hapa lazima niwaambie jambo ambalo binamu yangu huwa halisahau: mwezi uleule kuna mama mmoja pale sokoni aliiga bangili zangu za kusuka, zilezile, mpaka kifungo, na mimi nilikuwa nimeandika kwenye status yangu kila asubuhi, kwa herufi kubwa, WEZI WA DIZAINI MUOGOPENI MUNGU, na nyuma ya maneno hayo nimeweka picha ya moto.

Nikaingia mjini kununua shanga. Nyekundu zipo, nyeupe zipo, bluu tele. Kijani kile hakuna. Nikazunguka duka hadi duka na picha mkononi mpaka kwa Bi Rehana, ambaye familia yake imeuza shanga na vifungo hapa mjini tangu kwa babu yake, akavaa miwani akaitazama picha, akasema, "Binti, hii kijani haiendi na zingine. Kama mtu amekosea vile." Nikamwonea huruma. Nikasema moyoni, huyu ni mfanyabiashara, sanaa ataijulia wapi? Akaenda stoo, akakitoa kijani kilekile kwenye kopo lenye vumbi, nikashukuru kana kwamba nimepewa dawa ya mgonjwa.

Nikatengeneza vidani usiku na mchana. Vya kwangu nilitumia uzi wa nailoni badala ya waya, vikawa vyembamba kidogo, lakini mpangilio ulikuwa ni ule, pembetatu kwa pembetatu, na kila kimoja, kila kimoja wenzangu, nilihakikisha kijani kipo, begani kushoto, urefu wa kidole. Kimoja nilikosea nikakiweka kulia, nikakifumua chote nikaanza upya. Kamati ilipovijaribu, Shangazi Eliwaza alijitazama kwenye kioo hadi wenzake wakamwomba asogee. "Haika," akasema, "kumbe una kichwa." Sikumbuki kama amewahi kunisifu kabla ya hapo.

Siku ya sendofu ilipofika, ukumbi ulikuwa umejaa, zambarau kila upande, na kwenye kila shingo ya mwanamke wa kwetu kidani, mama, mashangazi, mama wadogo, waliobeba keki, waliogawa soda, mpaka mke wa mpiga picha ambaye sijui nani alimpa. Wakwe wakaingia wakiimba. Mwalimu Nashipai alikuwa mbele na fimbo yake ya kutembelea, amependeza, na chini ya kwapa ameshika kifurushi cha kanga. Akafika kwa mama kumkumbatia, wakakumbatiana, na alipomwachia nikaona anamtazama mama shingoni. Akavaa miwani. Akamtazama Shangazi Eliwaza. Akageuka taratibu akautazama ukumbi wote, na mimi, kwa akili yangu, nikamwambia aliyekaa jirani yangu, "Umeona? Amekipenda."

Chakula kikaliwa, ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, ikaingia inachezeshwa, mambo yakawa matamu. Halafu MC, kijana mmoja wa suti inayong'aa ambaye tangu saa ile sijamwombea mema, akatangaza kwamba kabla ya zawadi tumsikilize fundi aliyewapendezesha wanawake wetu. Nikaitwa mbele. Nilikuwa nimepanga kusema asanteni na kukaa. Lakini MC akauliza, "Dada Haika, hii dizaini umeitoa wapi?" Watu zaidi ya mia mbili wananitazama, kipaza sauti kiko mdomoni, na mimi nikasikia sauti yangu ikisema, "Ilinijia usingizini."

"Amina!" akasema mtu nyuma.

Ile amina ndiyo iliyonimaliza, maana ukishaitikiwa amina huwezi kurudi. Nikaendelea. Nikasema nyeupe ni theluji ya Kilimanjaro kwetu sisi na maziwa kwa wenzetu, nyekundu ni upendo, bluu ni mbingu inayotufunika wote, na kile kijani, nikakishika kwa vidole viwili, nikanyamaza kidogo kama mchungaji, nikasema, "Kijani ni msitu wa Mlima Meru, unaosimama katikati ya nyumba yetu na nyumba yenu. Kiko upande wa kushoto kwa sababu huko ndiko uliko moyo." Ukumbi ulilipuka. Vigelegele. Shangazi mmoja alifuta machozi. Mimi mwenyewe nilikuwa karibu kulia, yaani nilikuwa nimeshaamini.

Zawadi zikaanza, na upande wa wakwe wa kwanza alikuwa Mwalimu. Akapewa kipaza sauti, akasema kwa ile sauti ya paredi ya asubuhi, "Sisi kwetu mama humpokea binti kwa kazi ya mikono yake. Nilianza kazi hii siku Lemayani alipomleta Ndeshi nyumbani. Sijatengeneza nyingine ya namna hii na sitatengeneza." Akafungua kanga.

Kile kidani kikatoka kwenye kanga, kikubwa, kizito, kinang'aa kwa waya, kizuri kuliko vyote, na kila mwanamke wa kwetu akashusha macho kwenye kifua chake, halafu akayainua, halafu akayashusha tena. Mama akaniangalia. Wote mna mama, sina haja ya kueleza hilo jicho. Na MC, Mungu amsamehe, akaona ukimya umezidi, akaruka juu na kusema, "Jamaniii! Kumbe hata mama mkwe kapewa sare! Kamati oyeee!"

Hakuna aliyejibu oye.

"Haika," akasema Mwalimu. "Njoo hapa mbele."

Nilikwenda. Mtu mzima, nina biashara yangu, nimevaa viatu virefu, nikaenda nimeshika mikono nyuma kama mwanafunzi aliyechelewa namba ya asubuhi. Akakiinua kidani changu shingoni mwangu kwa kidole kimoja, nikalazimika kuinama.

"Hii kijani ni nini?"

"Ni msitu wa Mlima Meru, Mwalimu," nikasema. Kipaza sauti kilikuwa bado kinasikika.

"Vizuri. Nionyeshe msitu kwenye changu."

Nikatazama. Nikazunguka kidani chake chote kwa macho, begani kushoto, begani kulia, nyuma. Bluu. Pembetatu za bluu mwanzo hadi mwisho. Hamna kijani hata punje.

"Bluu ziliniishia," akasema Mwalimu, sasa anauambia ukumbi. "Mguu unauma, siwezi kwenda mjini. Nikapachika kijani zilizokuwa zimebaki kwenye kopo, duara lisilegee, nikasubiri niletewe bluu. Zilipoletwa nikazitoa. Kijani ilikuwa inashika nafasi tu." Akanigeukia. "Nimesahihisha mitihani maisha yangu yote. Watoto wawili wakipata jibu sahihi, siwezi kujua nani kaangalizia. Wakikosa kosa lilelile, najua. Wewe umeangalizia mpaka kosa, halafu umelitungia na hotuba."

Upande wa wakwe ukacheka kwanza. Halafu upande wetu. Halafu wapishi wakatoka jikoni kuuliza kuna nini, wakaelezwa, wakacheka wao pia. Mimi niliomba sakafu ya ule ukumbi ipasuke, haikupasuka, ilikuwa ya vigae imara. Na kama ingeishia kwenye kicheko ningesema sawa, nimechekwa, nimekoma. Lakini Mwalimu hakuwa anacheka. Alikuwa anakunja kanga. Anakifunika kidani chake taratibu, pembe hii, pembe ile, na akasema kwa sauti ya chini ambayo kipaza sauti kiliichukua yote, "Nilitaka kumvisha mwanangu kitu chake. Siwezi kumvisha sare."

Nikamtazama Ndeshi. Alikuwa amekaa kwenye kile kiti chenye maua, shingo wazi, maana alikuwa ameambiwa asivae chochote shingoni, kuna kitu kinakuja. Hakulia. Alitabasamu lile tabasamu lake la kupokea sweta langu la zamani. Wenzangu, kuchekwa na ukumbi mzima hakuniumiza kama lile tabasamu, hata kidogo.

Nikachukua kipaza sauti kwa MC kwa nguvu. Nikasema sikuota. Nikasema niliingia chumbani kwa Mwalimu, nikaona, nikapiga picha, sikuuliza kwa sababu niliona aibu, na msitu niliutunga palepale niliposimama. Nikasema, "Ndeshi, nisamehe. Mwalimu, nisamehe. Hiki si changu." Nikavua kidani changu, na kwa kuwa sikujua pa kukiweka, nikakitumbukiza kwenye beseni la kunawia mikono lililokuwa kwenye meza ya jirani. Kikaingia kwenye maji ya sabuni, chwap.

Mama akainuka. Akavua cha kwake, akaja, akakitumbukiza. Halafu mama mdogo. Halafu wale wa keki. Ikawa msururu, wanawake wa zambarau wanakuja mmoja mmoja wakivua, kama sadaka kanisani, na mwanakwaya mmoja (huyu naye!) akaanzisha wimbo, na kwaya nzima ikaitikia. Wakafika mwisho. Akabaki Shangazi Eliwaza, amekaa, mikono kifuani.

"Mimi sivui," akasema. "Mimi nimependeza."

"Shangazi," nikasema, "tafadhali."

"Aliyeiba ni wewe. Mimi nilipewa."

Ndugu watatu wakaenda kumbembeleza. Mwishowe akasema haya, vueni, ikaonekana kifungo kimenasa kwenye lesi ya blauzi, wakavuta, yeye akavuta, na uzi wangu wa nailoni (si niliwaambia, sikutumia waya) ukakatika. Shanga zikamwagika ukumbi mzima. Watoto wakashuka chini kuokota, mhudumu mwenye trei ya soda akateleza akaokolewa na nguzo, na katikati ya hayo yote nikasikia kitu ambacho sikukitegemea, Mwalimu Nashipai anacheka. Anacheka mpaka ameshika meza, miwani imeanguka ikaning'inia kwa kamba yake, anasema kitu kwa Kimasai kwa dada zake na wao wanaegemeana. Hata Shangazi alicheka, ila baadaye kidogo, na alikanusha.

Alipopata pumzi, Mwalimu akautazama ukumbi. Hakuna shingo hata moja ya kwetu iliyokuwa na kitu. Akaifungua tena ile kanga, akamwendea Ndeshi bila fimbo, akamvisha. Vigelegele vya pale sitavieleza. Ndeshi alikiwekea mkono juu, hakuutoa mpaka sherehe imeisha, hata kwenye picha za keki mkono uko palepale.

Usiku ule nilimsaidia kubadili nguo. Nikawa nafungua vifungo vya gauni, na yeye ndiye akaanza kusema. "Dada, leo siku nzima kila kitu kilikuwa cha kamati. Rangi ya kamati, keki ya kamati, hata nywele. Nilivumilia kwa sababu Lemayani aliniambia mama yake ana kitu kimoja changu mimi peke yangu. Nilikuwa nakisubiri hicho tu." Halafu akasema, "Ila ule msitu wa Mlima Meru, dada," akaanza kucheka, nami nikacheka huku nalia, tukakumbatiana, vipodozi vyake vyote vikapakaa kwenye kitenge changu.

Mwalimu naye aliponiaga aliniambia maneno machache tu. "Jumamosi uje Terrat. Uje na vile vidani. Uje na beseni."

Nikaenda. Sikwenda sokoni, nikaenda Terrat, nikakalishwa barazani, nikaambiwa fumua. Nikafumua kidani baada ya kidani, nikapanga shanga rangi kwa rangi kwenye makopo, Mwalimu amekaa karibu yangu anatengeneza yake, ananieleza kwa nini mama yake alianza na nyeupe na kwa nini yeye huanza na nyekundu, na kwamba dada yake mmoja akiazima mpangilio wake humletea kwanza auone, na huo ndio udugu. "Wewe unadhani kwa kuwa sote tunatumia rangi hizi, hakuna mwenye chake," akasema. "Maneno si tunatumia wote? Barua ya mtu ni yake." Nilikwenda Jumamosi nyingi. Ya kwanza nilikwenda kwa kuogopa. Zilizofuata nilikwenda kwa sababu ya chai yake na maneno yake, na kwa sababu ya kunywa chai ile bila kuficha kitu.

Shanga zilipokwisha kufumuliwa akayasukuma yale makopo mbele yangu. "Sasa tengeneza."

"Nitengeneze nini, Mwalimu?"

"Nitajuaje? Na simu weka ndani."

Jamani, nilikaa pale mchana kutwa. Mikono yangu, ambayo niliisifia kila mahali, haikujua pa kuanzia bila picha ya mtu. Nikatunga nikafumua, nikatunga nikafumua, jua likazunguka, ng'ombe wakarudi, na mwisho nikawa na kitu. Sijui nikiiteje. Kilikuwa kimepinda upande, rangi ya chungwa ilijazana sehemu moja, nyuma kilikuwa kirefu kuliko mbele. Nikampa kwa mikono miwili. Akakigeuza, akakigeuza tena, akavua miwani akaifuta, akaivaa.

"Kibaya," akasema. Halafu akakirudisha mkononi mwangu na kuvifunga vidole vyangu juu yake. "Lakini sijawahi kukiona popote."

Nilikipeleka nyumbani nikakificha kabatini. Ndeshi alipokuja kututembelea na mumewe akakiona (mlango ulikuwa wazi kidogo, hii familia sasa), akakitoa, akauliza ni cha nani. Nikamwambia kimeharibika, achana nacho, ni cha kujifunzia. Akauliza, "Kuna kingine kama hiki?" Nikasema Ruwa, Mungu wa babu zetu, apishe mbali, hakuna.

Jumapili akakivaa kanisani. Juu ya gauni zuri, benchi la tatu kutoka mbele, na kile kitu kimepinda shingoni mwake kama kimegongwa na pikipiki, na baada ya ibada akasimama pale nje kwenye ngazi, na kila aliyepita, mchungaji, wazee wa kanisa, Shangazi Eliwaza, kamati nzima ya sendofu, akawa anawashika mkono anawaambia, "Ametengeneza dada yangu. Mwangalieni vizuri, ndiye yule pale." Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya gari la watu, uso unaniwaka, naomba kwa mara ya pili ardhi ipasuke. Nimeapa sitapiga tena picha ya kazi ya mtu bila kumwomba, na hiyo ahadi naitunza. Lakini Ndeshi amegoma kabisa kukivua kile kitu, nami sijathubutu kumwambia akivue.